Beatrice Muhonja, Aliyetuchagulia Skima

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Beatrice Muhonja, ambaye karakana nzima inamwita Mama Ryan, atavua aproni yake baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza matangi ya samaki pamoja nasi hapa Industrial Area. Mhariri wa jarida hili aliomba maneno matamu. Ataniwia radhi. Mama Ryan hapendi kupakwa sukari.

Alianza kwa kubandika vioo. Siku hizo alikuwa akija kwa miguu kutoka Mukuru kwa Reuben, na katika mwaka wake wa kwanza tangi lake moja tu lilivuja, jambo analolisimulia mwenyewe kabla hujauliza. Tulipoanza kujenga matangi ya matumbawe, yale ya maji ya chumvi, aliomba meza ya kuchagua skima, yaani kazi ya kuamua kila tangi lipewe ipi. Alinyimwa. Aliomba tena, kwa sauti ambayo hata jirani zetu wa kiwanda cha mabati waliisikia, akapewa.

Kwa wenzetu wa idara ya uhasibu: skima ni mashine inayopuliza viputo vidogo sana ndani ya maji ya chumvi. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hushikamana na viputo hivyo, povu hupanda shingoni mwa mashine na kumwagika kwenye kikombe kinachooshwa. Tangi lisilo na skima inayolifaa hujaa uchafu ulioyeyuka. Matumbawe hujifunga, kisha hufa.

Sasa, ipi inafaa? Kwenye boksi pameandikwa lita. Watu wengi, wakiwemo wauzaji wanaojiita wataalamu, husoma lita hizo na kuona kazi imekwisha. Huo ni uvivu. Mama Ryan kwanza alitoa kwenye hesabu nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, akaongeza maji ya tangi dogo la chini ambamo skima hukaa, kisha akauliza swali ambalo boksi haliwezi kulijibu: humu wataishi samaki wangapi, watakula nini, na nani atawalisha? Tangi lenye samaki watatu na tangi la ukubwa uleule lenye samaki ishirini hayahitaji mashine ya ukubwa mmoja.

Na wanaodai kwamba skima kubwa kupita kiasi haina ubaya wasome hapa polepole. Povu husimama kwa sababu ya uchafu ulio ndani ya maji. Mashine ikiwa kubwa mno, uchafu hautoshi kulisimamisha, nalo huanguka kabla ya kufika kikombeni. Mwenye tangi hubaki akitazama mtambo wa fahari usiokusanya kitu.

Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina ilianza kwa kosa lake mwenyewe.

Bwana Wachira, mwenye bucha na meza za nyama choma katika Soko la Burma, alitaka tangi la matumbawe pale wateja wanapokula. Mama Ryan alikwenda kupima Jumatatu, jiko likiwa baridi na viti vitupu. Aliambiwa samaki watakuwa wachache na watalishwa mara moja kwa siku, akachagua skima ndogo. Wiki chache baada ya tangi kuwekwa, povu lilikuwa limekufa na matumbawe yamejikunja.

Wachira alifika karakanani akiwaka. “Mama Ryan, hesabu zako sitaki tena. Nipe ile kubwa kabisa, ile ya kutisha.”

Msimamizi wetu, Bwana Irungu, alikubali papo hapo na kuongeza lake: matumbawe hayo yakifa, meza ya kuchagua itaondolewa, na tutauza skima kwa kusoma boksi. Mama Ryan aliomba apewe muda hadi Jumatatu.

Wanaomjua wataelewa uzito wa alichofanya. Tangu aajiriwe hakuwahi kugusa kazi Jumapili, hata alipobembelezwa. Jumapili ile alitoka ibadani moja kwa moja hadi Burma, kitambaa cha akina mama wa kanisa kikiwa bado kichwani, akaketi kando ya tangi. Niliandamana naye. Meza zilikuwa zimejaa. Mara mteja mmoja akainuka na kutupa kipande cha mafuta ya mbuzi majini.

“Wewe, unafanya nini?” Mama Ryan akamuuliza.

“Mathe, hata samaki anataka kuonja. Si ni Sunday?”

“Aonje, halafu na wewe uingie humo uoge na hayo mafuta.”

Wenzake wakacheka, na mmoja wao akatupa kipande kingine. Mama Ryan akamwita Wachira.

“Kila Jumapili ni hivi?”

“Mama, wateja wanafurahia. Niwafukuze kwa sababu ya samaki?”

“Usiwafukuze. Funika tangi. Hata nikikuletea skima kubwa kama hilo jiko lako, mafuta yataua povu. Na mimi nilikosea. Nilipima viti vitupu.”

Aliyasema hayo mbele ya wateja, na kesho yake akayarudia mbele ya Irungu bila kuyapunguza. Tulibadilisha maji, tukafunika tangi kwa wavu mwembamba, tukapeleka bomba la hewa la skima mbali na moshi wa jiko. Kwa kuwa ilibainika wahudumu nao walikuwa wakiwalisha samaki, kila mmoja kwa zamu yake, alichagua skima kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Ile ya kutisha ilibaki rafuni. Matumbawe mawili yalikufa. Mengine yote yalifunguka, na Irungu akaiacha meza mahali pake.

Tangu hapo hakuna anayechagua skima hapa kabla ya kuona mahali pa tangi siku ya watu wengi. Karakana nyingine zinaendelea kusoma boksi, na wateja wao wanatuletea maji yanayonuka.

Mama Ryan, asante kwa kazi, na kwa ugomvi wote uliokuwa na sababu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa Jumatatu asubuhi, na majirani wanaostahimili ukweli. Wiki ijayo Marion, uliyemfundisha kwa ukali, ataketi kwenye meza yako. Irungu ametia sahihi barua ya kumpa kazi hiyo. Boksi halikupata kazi.