Sigar Alistaafu, Mutang Akaajiriwa, na Winchi Zenu Bado Zimekufa

Madereva, acheni kutafuna mnisikilize. Mnabonyeza rimoti ya winchi kama mtu anayekuna upele, injini mmeizima, betri inakata roho, halafu mnasema winchi ni mbovu. Wabovu ni ninyi, na leo mzee wa watu anaondoka.

Ndugu yetu anastaafu leo, tarehe 14 Juni, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa magari hapa Ba'kelalan miaka thelathini na mmoja kwa jina la Sigar na mwaka mmoja kwa jina la Mutang. Ni mtu yule yule. Mimi Litad, mpishi wenu, nimeyapikia majina yote mawili.

Shule hakusoma sana, kama mimi, lakini masikio anayo. Winchi ikilia tak-tak bila kuzunguka, haigusi mota; anakwenda kwanza kwenye betri na waya wa ati, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari kurudisha umeme. Mota ikinguruma na ngoma inayoviringisha waya imesimama, anatazama mkono wa klachi mliousahau. Ikiachia waya lakini haivuti, anafungua relei, kile kisanduku cha swichi, na kumwaga maji ya mto. Yudan aliwahi kununua mota mpya mjini Lawas, kumbe sisimizi wamehamia kwenye tundu la rimoti. Ni Yudan huyo huyo aliyemfunga waya nyati aliyelala topeni, akidhani ni kisiki. Tangu hapo Sigar alitufundisha kuhakikisha kisiki hakina masikio.

Mwaka jana tulimuaga kwa heshima. Alikuwa amepata mjukuu, kwa hiyo karamuni, kama mila yetu ilivyo, akapewa jina jipya la ubabu, Mutang, na jina la Sigar tukalifunga mbele ya watu wote. Mkewe, Rining, alikuwa bado yuko njiani na huyo mjukuu, ndani ya gari la Yudan. Hatukumsubiri, nyama ilikuwa inapoa.

Mara redio ya jikoni ikaanza kumwita Sigar. Gari limezama topeni, winchi inalia tak-tak. Mutang akaendelea kula. Jina likishafungwa haliitikiwi, na watu arobaini tukanyamaza kwa adabu, tukijisifu jinsi tunavyojua mila. Saa mbili nzima. Mimi nilipunguza sauti ya redio, na siombi radhi.

Rining akaingia kwa miguu, tope hadi kifuani, mjukuu mgongoni. Akaweka rimoti juu ya sahani ya mumewe.

"Sigar au Mutang, yeyote aliyemo ndani ya shati hilo, ainuke."

Akainuka, akaenda hadi kwenye gari. Kumbe Yudan alilipaka gari rangi kwa ajili ya karamu, akafunga waya wa ati juu ya rangi, umeme ukakosa njia. Mzee akaikwangua kwa kisu changu cha nyama, akakaza nati, ngoma ikazunguka.

Kesho yake viongozi wa ushirika wakasema Sigar amestaafu, ila Mutang ni mtu mpya, anaweza kuajiriwa. Wakamweka kwenye majaribio miezi mitatu. Aliyempima ni Yudan, akamwandikia kwamba anajitahidi.

Sasa magoti yake yamekwisha. Anataka kupanda mpunga na kumbeba mjukuu, basi. Lakini bintiye atajifungua tena Agosti, na nimewasikia mkinong'ona kuhusu jina la tatu. Mkimrudisha chini ya gari, atatoka huko amebebwa, na Rining hatapita tena jikoni kwa amani.

Mzee wetu, asante kwa kila gari uliloliamsha. Kaa shambani, mpunga wako ujae, wajukuu wakukalie mabegani, na redio usiwe nayo.

Na wewe Yudan, weka sahani chini. Nenda uani sasa hivi, uifungue winchi yako mbele ya wenzako na uifufue mwenyewe. Mzee asisogee kwenye kiti chake. Nyama inabaki jikoni mpaka ngoma izunguke.