Bambo la Sataranji

Kwenye basi la Fukayosi, binti wa chuo alikuwa akimweleza Mzee Bwanausi kwamba kompyuta imekadiria mikao yote ya kete za sataranji, ikapata nambari yenye tarakimu arobaini na tano.

"Imeihesabu yote, mmoja mmoja?"

"Hapana, babu. Ilichota michache tu kwa kubahatisha, ikaipima, kisha ikakisia iliyobaki."

"Basi hilo ni bambo, kile chuma cha wanunuzi cha kuchotea nafaka guniani," mzee akacheka. "Mimi mpunga safi nautia pale bambo linapotoboa gunia. Katikati najaza makapi."

"Kompyuta hutoboa popote, babu."

"Wanunuzi wote husema hivyo."

Kwenye kiti cha nyuma yao, usingizi wa Mwanamkasi, mnunuzi wa nafaka, ulikwisharuka zamani. Basi liliposimama, alitoa bambo mkobani.

"Shikamoo, baba. Nimefuata mpunga. Wako uko wapi?"