Mlio wa Kurudi Nyumbani

Kijiwe chao hakikuwa na mwenyekiti, ingawa wenyeviti walikuwa wengi. Lilikuwa benchi la mbao mbele ya gereji ya Kipimo, iliyokuwa stoo ya nyumba, na ambayo sasa nusu yake ni pikipiki na nusu nyingine ni maneno. Kipimo alikuwa mchonga vyuma kiwandani mpaka alipostaafu, na jina hilo walimbandika kwa sababu hata chumvi huipima kwa kufumba jicho moja. Pikipiki aliiunda mwenyewe: fremu ya kuokota, injini ya mtumba, tangi aliloligonga kwa nyundo mpaka likafanana na la ile pikipiki ya ujana wake. Kilichobaki ni mlio. Marehemu mkewe alikuwa akiutambua mlio wa ile ya zamani ikiwa bado mbali, na Kipimo aliutaka uleule, si mwingine. Asubuhi hiyo alikuwa amebadilisha ekzosi kwa mara nyingine tena. Akapiga kiki, injini ikawaka, na benchi likakaa kutoa hukumu.

— Hapana, alisema Redio, dereva mstaafu wa malori, mtu asiyezimika wala kupunguzwa sauti. Huu unakohoa. Ule ulikuwa unaimba.

— Uliimba wapi? Ulikuwa unanguruma! alipinga Wakili, kinyozi wa jirani, aliyeisomea sheria kwenye kubishana na wateja. Ukipita pale kibandani kwangu mkono ulikuwa unatetemeka kichwani mwa mtu.

— Kumbe ndiyo maana watu walitoka kwako na mabonde kichwani.

— Usitoke kwenye kesi, Redio.

Kipimo alizima injini, akajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa.

— Bomba nimelirefusha, nimelifupisha, nimelikunja. Mnataka nifanye nini tena?

— Likunje zaidi, alisema Wakili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nani ainame, bomba au mimi?

— Toa vyote vilivyo ndani ya ekzosi, alidakia Redio. Wahenga wamesema, debe tupu haliachi kuvuma.

— Wahenga walikuwa wanakusema wewe! Mimi nasema tatizo ni petroli. Ya zamani ilikuwa na nguvu, ukiinusa tu umefika mjini.

— Petroli haina kosa. Ni ukuta. Zamani mtaa huu ulikuwa na nyumba chache, mlio unatembea wenyewe. Siku hizi unagonga ghorofa, unapotea, unaenda kulia kwa watu wasiohusika.

— Basi kama ni hivyo, tatizo ni tumbo lake, alisema Wakili akimnyooshea Kipimo kidole. Wakati ule alikuwa mwembamba. Pikipiki ikibeba mwembamba huimba, ikibeba tumbo hulalamika.

— Si ulisema ilikuwa inanguruma?

— Nimekata rufaa.

— Sikilizeni, alisema Redio, na sasa alisimama kabisa. Vyuma vyote humo ndani ni vizee. Hii pikipiki imezaliwa ikiwa tayari babu ya watu. Mnataka iimbe na pumzi ya nani?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kipimo naye alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu, na hofu yenyewe hakuwa amemwambia mtu. Mlio ule ulikuwa umeanza kumtoka kichwani. Kila akiufuata ulikuwa unasogea mbele kidogo. Aliona kwamba akiupoteza, atakuwa amefiwa na mkewe mara ya pili, na safari hii kwa uzembe wake mwenyewe.

Ndipo akaja mshonaji, mpangaji mpya wa nyumba ya mbele, kuazima bisibisi ya cherehani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa hapo uamue.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Mshonaji alisikiliza, akaitazama pikipiki, kisha akamgeukia Kipimo.

— Samahani, baba. Huo mlio, wewe uliwahi kuusikia ukiwa ndani ya nyumba?

Kipimo aliweka kikombe chini. Kila pikipiki ile iliporudi nyumbani, yeye alikuwa juu yake.

Alimkabidhi Redio ufunguo.

— Nenda mpaka kule sokoni, urudi.

Akaingia ndani, akaketi jikoni.

Mwanzoni alifumba jicho moja, kama kawaida yake, tayari kupima. Pikipiki ikaenda zake, mtaa ukanyamaza. Akasubiri. Sokoni si mbali, lakini Redio hajui kumpita mtu bila kumsalimia. Kipimo akasimama, akaketi. Labda kabureta imeziba. Labda lori limemgonga. Akaenda dirishani, akarudi, akajikasirikia, akaenda tena. Alizikumbuka jioni alizoaga hapo mlangoni kwamba anarudi sasa hivi, kisha akakaa kijiwe cha wakati ule, kule sokoni, akibishana mpaka taa za mtaani zikawaka. Yeye kule akicheka na wenzake, mkewe yuko humu ndani anahangaika hivi.

Kisha mlio ukaja. Kama uliimba, kama ulinguruma, kama ulikohoa, Kipimo hakujua, maana alisahau kabisa kupima. Alikuwa ameshafika mlangoni na ameshaufungua kabla Redio hajakata kona.

— Vipi? Redio aliuliza, akishusha mguu, uso wote umejaa vumbi na furaha. Ndiyo wenyewe?

— Ulikuwa wapi wewe, muda wote huu? alifoka Kipimo.

Wakili aliangalia chini. Kibanda chake hakiko mbali na mlango ule, na swali lile alikuwa amelisikia likiulizwa pale enzi za marehemu, jioni nyingi, kwa ukali uleule.