Mkaguzi wa Chupa za Losheni

Leo ni Jumamosi, wasikilizaji wapendwa, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Asubuhi hii kumepambazuka bila wingu hata moja. Kufika saa mbili, mabati ya jengo letu yalikuwa yameshaanza kutoa mlio kwa joto. Wengi wetu tumeamka, tukatazama nje, tukasema leo nguo zitakauka upesi. Kwa kijana tunayemkumbuka, asubuhi ya namna hii ilikuwa hatari. Aliijua hatari hiyo akiwa amechelewa.

Alizaliwa na ualbino. Amefariki akiwa na miaka ishirini na sita. Tunarudia, miaka ishirini na sita. Ilikuwa saratani ya ngozi, na ilianzia kwenye sikio la kushoto. Madukani walimwita Mkaguzi.

Mama yake ni mtunza matumbawe. Matumbawe, wasikilizaji, ni viumbe hai wa baharini, ingawa ukiyatazama utadhani ni mawe. Nanga huyavunja, mawimbi huyavunja. Mama huyu na wenzake huokota vipande, huvifunga kwenye fremu za chuma chini ya maji, na kila wiki huvisugua kwa mswaki wa meno ili visifunikwe na utando wa kijani. Kipande cha urefu wa kidole kinahitaji miaka kuwa kama kiganja. Mwaka mmoja maji yalipata joto, bustani yote ya matumbawe ikageuka nyeupe, ikafa. Mama alikaa ufukweni akalia kama aliyefiwa. Kisha akaanza upya.

Miaka tisa iliyopita mama huyo alihudhuria semina ya siku mbili. Mkufunzi alisema sentensi moja: losheni za jua zinaua matumbawe. Mama akaiandika kwenye daftari, akaipigia mstari. Hakuuliza ni losheni zipi. Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa karibu na saa ya chai.

Aliporudi kazini akaweka sheria. Kila anayeingia majini ajisugue kwanza kwa sabuni, abaki bila mafuta wala losheni. Mgeni, mfanyakazi, mtoto wake, wote sawa. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameacha shule mapema kwa sababu macho yake hayakuyaona maandishi ubaoni. Aliipenda kazi ya mama yake, alisema chini ya maji jua halimchomi macho. Losheni aliyopewa kliniki akaigawa. Akafanya kazi miaka saba, mabega wazi, masikio wazi, kwa utii.

Dada yake mkubwa anakumbuka. "Nilimwambia, wewe, ngozi inabanduka kama kitunguu! Akanijibu, dada, bora nibanduke mimi kuliko bustani ya mama. Tukacheka. Mungu anisamehe, nilicheka."

Alipofika miaka ishirini na nne, kidonda kilitokea sikioni. Kikakauka, kikarudi. Akakifunika kwa kofia miezi mitano. Mwishoni alikwenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mama yake alikaa naye chumbani, mkoba magotini.

"Unapaka losheni gani?" daktari akauliza.

"Sipaki, daktari. Nafanya kazi na matumbawe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alikwambia lazima uchague?"

Kijana akamgeukia mama yake. Mama yake aliangalia dirishani.

Daktari akaeleza taratibu, nasi tunalieleza taratibu, kwa kuwa ndilo jambo kubwa la kipindi hiki. Losheni si zote sawa. Wataalamu wanazishuku zaidi zile zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwamba zinadhuru matumbawe. Ziepuke. Tafuta ile ambayo kinga yake ni oksidi ya zinki, isiyosagwa kuwa chembe ndogo mno, isiyo na manukato. Namba ya kinga, ile inayoandikwa SPF, isipungue thelathini. Paka robo saa kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili. Na kabla ya losheni yoyote, vaa nguo. Mikono mirefu, kofia pana, kivuli saa za mchana. Mahali palipofunikwa na nguo hapahitaji losheni, na hivyo bahari itapokea losheni kidogo tu.

"Hakuna losheni isiyoacha alama yoyote majini," daktari akasema. "Lakini mtu mwenye ualbino kukaa juani bila kinga, hilo halina mjadala."

Kijana aliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa alizojifunza kwenye masomo ya jioni. Sikio likakatwa sehemu. Bandeji ikiwa bado kichwani, akaanza kuzunguka madukani.

Alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi. Aliisogeza chupa mpaka ikakaribia kugusa pua, akasoma nyuma, neno kwa neno. Dakika kumi chupa moja. Muuzaji wa duka la dawa anasimulia.

"Akiingia tu tunapiga kelele, jamani, Mkaguzi huyo, ficheni chupa! Naye anajibu, ficheni tu, nitazinusa. Siku moja nikamuuliza, kaka, unanunua au unasoma gazeti? Akasema, nasoma gazeti, na habari zake mbaya. Akanionyesha. Mbele kuna picha ya kasa na samaki wanacheka, imeandikwa rafiki wa bahari. Nyuma, oksibenzoni. Akasema, samaki wamewaweka mbele, sumu wameiweka nyuma. Nimeuza dawa miaka kumi na mbili, sijawahi kugeuza chupa ile."

Duka la saba ndipo alipoipata. Kopo dogo, losheni nzito, ukiipaka unabaki mweupe kama chaki. Kadi na kopo, neno kwa neno, vikalingana. Akaenda nalo nyumbani mbio, kwa sababu hakuwa amejitafutia mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa mwisho, msichana ambaye sasa ana miaka tisa. Naye ana ualbino. Naye kila siku baada ya shule alishinda ufukweni kwa mama yake, naye alisuguliwa sabuni kabla ya kuingia majini.

Alimpaka mashavuni. Mtoto akajitazama akacheka. "Kaka, nimekuwa ukuta!"

"Ukuta haubanduki. Tulia."

Mama akatoka jikoni. Akaliona kopo. "Hiyo haiingii kwenye maji yangu."

"Mama, daktari alisema mbele yako."

"Daktari hajawahi kuona bustani ikifa. Mfute mtoto."

"Simfuti."

Basi mama akamfuta mwenyewe, kwa upindo wa nguo yake. Mtoto hakucheka tena.

Wasikilizaji wapendwa, msimhukumu haraka. Mama huyu ni mtu wa sala. Ameturuhusu tuseme lililokuwa moyoni mwake. Anasema alimwelewa daktari tangu siku ile ya kwanza. Alielewa kila neno. Lakini kumpaka binti losheni ilikuwa kukiri kwamba mwanawe pia angeweza kupakwa. Miaka yote saba. Kwamba kopo lilikuwepo dukani, na sheria ilikuwa yake. "Nilipokuwa namfuta mtoto," anasema, "nilikuwa najifuta mimi."

Ugonjwa ukahamia shingoni, kisha mapafuni. Mwezi wa mwisho kijana alilala chumba cha mbele, pazia limefungwa. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Mchana mmoja akakisukuma kijiko.

"Mama. Sina kinyongo na wewe. Hata kidogo."

"Kula, mwanangu."

"Nimekusamehe kabla hujaniomba. Sasa usinifanye nife mara mbili. Mpake mdogo wangu."

Mama hakusema ndiyo. Alikusanya bakuli akatoka. Kijana alifariki siku nne baadaye, Jumanne, saa tano asubuhi, bila kusikia jibu. Tunarudia, bila kusikia jibu.

Kwa mama, kwa dada, kwa mtoto yule wa miaka tisa, na kwa wote waliofanya naye kazi majini, tunatoa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pasipo maumivu. Nasi tuliobaki tujiulize ni neno gani tulilisikia mara moja, tukaligeuza sheria ya nyumba, na ni nani anayelipia kwa ngozi yake. Tugeuze chupa tusome nyuma. Tuulize, ni zipi?

Neno la mwisho si letu. Siku ya mazishi, sala zilipokwisha, watu wakiwa wameanza kugeuka kuondoka, mama alisema ngojeni. Alimshika binti yake mkono, akamsimamisha mbele yake, juani. Waliokuwapo wote walimsikia.

"Kaka yako aliniomba jambo, nikanyamaza. Sasa nasema mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Kila asubuhi, kabla hujavuka mlango, nitakupaka kwa mkono wangu huu. Mchana nitakupaka tena. Na ninyi nyote, siku mkimwona yuko juani hajapakwa, njooni mniambie usoni, popote mtakaponikuta, hata nikiwa katikati ya wageni, hata nikikasirika. Msinionee haya."