Tovuti ya Sare na Benchi la Mlangoni

Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limevutwa hadi mlangoni mwa duka la sare za shule, maana kivuli kilikuwa huko. Kijiweni hapo jambo zito huamuliwa kwa kikao kamili, na hakuna anayeondoka birika la kahawa halijaisha. Shangazi, mshonaji mwenye duka, alikuwa amefunga mlango ili ahudhurie. Mstaafu, aliyewahi kuwa bosi wa ofisi fulani na hajakubali mpaka leo kwamba yalikwisha, alikaa katikati, mgongo wake ukifunika nusu ya jina la duka. Bisibisi, fundi redio, alishika birika. Hoja, binti wa kaka yake Shangazi, ambaye chuoni huwanyamazisha wanaume wenye tai kwenye midahalo, alisimama, kwa kuwa hakuna aliyejisogeza ampishe. Simu ilikuwa inamchoma mkononi. Mtaalamu wa kuwatengenezea tovuti ya duka alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata, na muhula uliopita wazazi walikimbilia duka la ng'ambo ya barabara, linaloonekana kwenye simu. Wakikimbilia huko tena, cherehani za Shangazi zinauzwa.

— Narudia, alisema Hoja, akitamani kugonga meza ambayo haikuwapo. Mfumo wa kusimamia maudhui ni kama chumba cha nyuma cha tovuti. Shangazi anaingia mwenyewe, anaweka picha ya sketi, anabadilisha bei, anatoka. Ipo ya bure, ipo ya kulipia kila mwezi, ipo ya kutengenezewa. Tuchague.

— Ya bure hapana, alisema Bisibisi. Nani atakupa chumba bure? Ukilala tu, anaingia kuchungulia vipimo vya viuno vya watu.

— Ni programu huria, kaka. Wataalamu dunia nzima wanaikagua.

— Dunia nzima! Shangazi, umesikia? Dunia nzima iko chumbani kwako!

Shangazi akavuta mtandio mabegani.

— Mimi nataka ya kushonewa. Hii iliyo tayari inabana kwapani. Hebu igeuze hiyo simu nione mishono ya ndani.

— Shangazi, simu haina mishono.

— Basi kuna kitu wanaficha.

Mstaafu akakohoa. Alipokohoa namna ile, kikao kilikuwa kimepata mwenyekiti ambaye hakikumchagua.

— Mnajadili mfumo bila kujadili ngazi! Picha ya sketi iandaliwe na mshonaji, ipitiwe na msaidizi, iidhinishwe na Mhariri Mkuu. Mimi nitajitolea.

— Babu, ni sketi!

— Ndiyo maana. Sketi ikienda hewani bila idhini, nani atawajibika?

— Na zile plagini je? Bisibisi akadakia. Vikorokoro vya kuchomeka. Jamaa mmoja alichomeka vingi, tovuti ikaanza kutoa moshi.

— Tovuti haitoi moshi!

— Kwani ulikuwapo? Lazima ipumzishwe. Jioni tunaizima, tunaipepea.

— Na nywila ashike nani? aliuliza Shangazi.

— Tugawane, Mstaafu akaamua. Kila mtu herufi zake. Ukitaka kubadilisha bei, tunakutana hapa, kila mmoja anabonyeza zake.

— Na ukiugua?

— Bei itanisubiri nipone.

Masikio ya Hoja yakapata moto. Chuoni, saa hizi angekuwa ameshapigiwa makofi. Mwanamke aliyemshika mtoto mkono alikuwa amefika nyuma yake, akitaka kusema neno. Hoja akamwashiria asubiri zamu.

— Mnajua kinachoniudhi? Atakayeutumia huu mfumo ni mtu mmoja, nanyi mmeshagawana vyeo! Swali ni dogo tu: Shangazi ataweza kuutumia peke yake, mkono mmoja ukiwa na mkasi? Nani kalijadili hilo? Hoja yangu ya pili...

— Samahanini, alisema yule mwanamke. Hili duka la sare hufunguliwa saa ngapi?

Mstaafu alimtazama Bisibisi. Bisibisi alichungulia ndani ya birika, akakuta tupu. Wote wakamgeukia Shangazi.

— Inategemea, alisema Shangazi.

— Na nini?

Shangazi akalitazama benchi.

— Na kikao.

— Maana juzi nilikuja, limefungwa. Jana nikaja tena, mkawa mnabishania rangi ya tovuti.

Mwanamke akashukuru kwa adabu, akamvuta mwanawe, wakaanza kuvuka barabara. Simu ya Hoja ikatetemeka: mtaalamu alikuwa anauliza kama wameamua. Hoja akaitumbukiza mfukoni. Akainama, akashika ncha ya benchi.

— Inukeni.

— Kikao hakijafungwa, mjukuu wangu.

— Babu, nimesema inuka!

Akalivuta benchi na Bisibisi juu yake. Shangazi alikuwa ameshachomeka ufunguo, shingo imegeukia barabarani, sauti imempasuka:

— Mama! Wewe mama mwenye mtoto! Saa hii! Tunafungua saa hii hii!

Ng'ambo ya barabara, mwanamke akasimama, akageuka.

— Na hiyo saa, aliuliza Mstaafu, akiwa amesimama katikati ya mlango na kikombe kitupu, imeidhinishwa na nani?