Namba Tisa Aliposema Bado

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali, Baba Mchungaji wetu, Daktari Mkuu, Matroni, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu wa mvuke na sabuni, ndugu wageni waalikwa, nanyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, ambao kwenye ratiba huwa hamtajwi: Bwana Yesu asifiwe.

Amina hiyo imetoka nusu. Haidhuru, nimeizoea.

Ratiba niliyopewa inasema, "Neno fupi la shukrani kutoka kwa mstaafu," na hilo "fupi" limepigiwa mstari mara mbili. Jamani, mimi kazi yangu miaka thelathini na mmoja ni kuangalia mistari. Mtu akipigia mstari neno "fupi", ujue kuna neno refu analoliogopa. Kisha Matroni amesimama hapa akasema mimi ni mpole. Mpole! Wacha wee! Nimewasikia watu wa idara yangu wakikohoa. Hapa naitwa Bi Shaka, wala jina hilo sikupewa na adui, nilipewa na watu niliokunywa nao chai kila siku. Kwa hiyo leo, mnaponiaga na papo hapo mnafungua chumba kipya cha kutakasia vyombo, mnivumilie nitie shaka mara moja ya mwisho.

Ndugu wageni, huenda hamjui kazi yetu, nayo si ngumu kueleza. Mikasi, visu na vitambaa vya upasuaji tunavifunga vifurushi, tunaviingiza kwenye mashine ya mvuke. Kila kifurushi kinafungwa kwa utepe wenye mistari hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na anayefunga anaandika namba yake juu yake. Mvuke ukipenya sawasawa, mistari inakuwa myeusi tititi. Sisi tunasema imeiva. Hakuna kifurushi kinachovuka dirisha letu kwenda chumba cha upasuaji kabla mmoja hajauliza, "Imeiva?" na mwenzake akajibu. Akijibu "bado", kinarudi mashineni, hata kama daktari bingwa anapiga meza. Na juu ya dirisha lile niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: UKITIA SHAKA, RUDISHA.

Sasa nije kwenye kibao. Wote mmekiona ukutani pale mapokezi, kimeandikwa, "Hapa mkono wa Mungu ulisimamisha mashine." Kila mwaka tunafanya ibada ya shukrani mbele yake. Miaka sita iliyopita, binti wa Mwenyekiti wetu alikuwa aingizwe upasuaji saa tatu asubuhi. Vyombo vikachelewa. Saa tatu na nusu, binti akiwa bado kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini, akilia kwa njaa na hofu, dari la chumba cha upasuaji likaanguka, mbao na taa na yote, likalalia meza ambayo angekuwa amelazwa. Tulipiga magoti palepale. Hata mimi nilipiga. Kabla ya wiki kwisha, habari ilikuwa imeshaota mbawa: malaika kashuka, kashika mashine, mashine imegoma.

Ndugu zangu, mashine haikugoma. Mashine ile nilikuwa nayo mimi. Haikugoma siku ile wala wiki ile.

Naona Mwenyekiti anamnong'oneza Mchungaji. Nong'onezaneni tu, waheshimiwa, mimi nitasubiri.

Msije mkasema Bi Shaka amestaafu kazi na imani pia. Namwamini Mungu kuliko ninavyokiamini kiti hiki mlichonipa. Ninaowatilia shaka ni sisi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilipoona watu wazima wanaimba mbele ya kibao, nilianza kujiuliza: muujiza huu unamfaa nani? Paa lile lilikuwa linavuja, na fundi alikuwa ameleta taarifa mara tatu. Baada ya muujiza, nani aliuliza habari za paa? Na mfagizi aliyekuwa ndani akipiga deki, akavunjika bega, chumba kilekile, dakika ileile, mbona hayumo kwenye kibao? Malaika alimwona binti akampita mfagizi? Au sisi ndio tuliompita? Nikikuta jambo limefunikwa vizuri mno kwa jina la Mungu, huwa nafunua nione chini yake kuna nini.

Chini yake palikuwa na mtu. Alikuwa mfungaji wangu, mwanamke aliyekuwa akiandika namba tisa kwenye utepe wake, nasi tukamwita hivyohivyo, Namba Tisa. Asubuhi ile aliulizwa, "Imeiva?" akaangalia, akasema, "Bado." Vifurushi sita. Akarudisha vitano mashineni, cha sita akakisahau mezani, akafunga mlango, akaruhusu mvuke. Na mkianza mzunguko, mlango ule haufunguki mpaka uishe. Daktari akaja anafoka. Mwenyekiti akaja anafoka zaidi, na baba wa mgonjwa simlaumu. Nikatoka ofisini kwangu, nikakichukua kile cha sita kilichobaki mezani, nikakiangalia kwenye mwanga. Mistari myeusi tititi. Kilikuwa kimeiva tangu mwanzo.

Nikamuuliza, "Wewe, una nini leo?" Akainamisha kichwa. Nikaenda nikakaa, nikaandika taarifa: "Amechelewesha upasuaji bila sababu. Ni uzembe." Nikaipeleka ofisini saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na nusu dari likaanguka.

Niambieni, ni umbali gani kutoka chumba cha mvuke hadi ofisi ya utawala? Hatua arobaini. Ningeweza kwenda kuichukua karatasi yangu. Sikwenda. Wiki mbili baadaye tukafanya ibada ya kwanza ya shukrani, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo Namba Tisa akapewa barua ya kufukuzwa. Mungu tukampa sifa, mtu aliyetumika tukampa barua. Na kwa sababu ya neno lile "uzembe", hakuna hospitali iliyomchukua tena.

Basi miaka sita nimekaa na shaka yangu kama mawe kwenye kiatu. Nilimshuku kwamba alilewa. Nilimshuku kwamba alinikomoa. Hadi mwezi uliopita, nilipoanza kukusanya vitu vyangu, nikasema siondoki hapa sijajua. Nikamfuata kwake. Nilimkuta anashona kifungo, na uzi akautunga sindanoni kwa ulimi na vidole, bila kuangalia. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

Akasema, "Dada mkubwa, ni wewe? Nimekujua kwa hatua. Bado unatembea kama unamfuata mwizi."

Nikamuuliza siku ile aliona nini. Akacheka, tena akacheka kweli. Akasema, "Mistari ilikuwa imepauka. Dada, mwaka ule kila kitu kilikuwa kimepauka. Uso wako ulikuwa umepauka. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza na nilificha, niliogopa nitatolewa kazini."

"Sasa kama ulijua tatizo ni macho yako, mbona ulirudisha?"

Akanigeukia, mahali alipodhani nipo. "Si uliandika mwenyewe, dada? Ukitia shaka, rudisha. Hukuandika tutie shaka kitu gani. Mimi nilijitilia shaka mwenyewe."

Ndugu wageni waalikwa, nilikaa chini kwenye sakafu ya nyumba ile. Nililia, sioni haya kusema. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akalitii, na mkuu mwenyewe ndiye aliyemvunja guu. Maisha yangu yote nilikuwa nashuku mvuke, nashuku sabuni, nashuku wafungaji, na kikulacho ki nguoni mwako: sikuwahi hata siku moja kuishuku kalamu yangu.

Sasa Baba Mchungaji, wewe umesoma kuliko mimi, unisahihishe. Mungu alitumia nini siku ile? Alitumia macho mabovu? Alitumia woga wa mwanamke mmoja? Alitumia maandishi yangu mekundu yaliyokuwa yameanza kubanduka? Sijui. Nimeligeuza hili kila upande, na nimefika mahali nakiri kwamba ni fumbo. Lakini kuna jambo moja najua. Yule kijana wa kwenye Maandiko, aliyetupwa shimoni na kaka zake kisha akawa mkubwa nchi ya ugenini, alisema Mungu aligeuza ubaya wao ukawa wema. Alisema hivyo, kweli. Ila hakusema kwamba hakutupwa. Na kaka zake walikuja kwa miguu yao, wakainama, wakasema tulikosa. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tukaiandika kwenye kibao. Nusu ya pili ni yetu, na tumemwachia Mungu aibebe.

Mwenyekiti, nakuheshimu, na umenijengea idara yangu chumba kizuri. Nimeambiwa kitaitwa kwa jina langu. Sikitaki jina hilo. Naomba kitu kimoja tu: barua ile iliyotoka na sahihi yako na maneno yangu, ifutwe leo, mbele ya watu hawa, kama kibao kilivyofunuliwa mbele ya watu. Taarifa yangu nimeshaiandika upya, hii hapa, ina maneno matatu: "Alitii. Nilikosea mimi." Na kliniki ya macho iko ng'ambo ya ua huu. Miaka sita hakuvuka geti letu kwa aibu. Aibu ya nani?

Yupo hapa. Amekaa kule nyuma, karibu na mlango, nilimleta mwenyewe. Mdogo wangu, simama. Wewe binti wa Mwenyekiti, mwanangu, nakuona unafuta machozi. Inuka ukamshike mkono, umlete mpaka pale penye mlango wa chumba kipya. Taratibu, kuna kizingiti.

Mnaona ule utepe unaozuia mlango? Vijana wangu wamefanya utani, hawakununua utepe mwekundu, wamefunga utepe wetu wenyewe wa kazi. Kwenye ratiba mimi ndiye nilipangiwa kuukata. Miaka thelathini na mmoja sijafungua kitu kwa neno la mtu mwingine bila kuangalia mwenyewe. Leo nitafungua kwa neno lake.

Mdogo wangu, shika utepe huo. Nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya Bodi hii: imeiva?

...

Mmesikia? Kwa wa nyuma ambao hawakusikia, amesema, "Bado."

Msicheke. Anasema utepe huu umebandikwa mbichi, haujapita kwenye mvuke, hata kipofu anajua. Na yuko sahihi, ndugu zangu, yuko sahihi kabisa. Angalieni mistari, mmeipita wote mkiingia, imepauka hivyohivyo. Na anasema zaidi. Anasema, dada mkubwa, na ile barua je?

Basi, Mwenyekiti, mkasi huu hapa naurudisha mezani. Mara ya mwisho mwanamke huyu aliposema bado, nilikwenda kumwandikia. Leo ninakwenda kukaa, na wageni wote hawa watakaa pamoja nami, chakula kitapoa na wanakwaya watachoka, mpaka utakaposimama.

Nawashukuru kwa miaka yote, kwa chai, kwa jina la Bi Shaka, na kwa masikio yenu. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize Mwenyekiti.