Salamu za Hanuman

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kiligongagonga, na Bi Ambika akanywa chai peke yake. Mchana, alipokuwa akirudi kutoka sokoni kwa basi, sanamu kubwa ya mungu Hanuman ilichomoza kilimani. Kijana aliyeketi kando yake, aliyejitambulisha kuwa Lokesh, dereva wa lori, akakutanisha viganja na kuinama.

"Naishi pale chini yake," Ambika akamwambia. "Ilipojengwa, nilidhani abiria wananisalimia mimi. Nikawa nawaitikia."

"Kumbe bibi ulimwibia mungu salamu zake," Lokesh akacheka.

"Mwanangu naye anaendesha lori. Hupita, humwinamia huyo, hashuki."

Lokesh aliacha kucheka. "Mzigo hausubiri, bibi," alisema taratibu, akambebea kapu hadi mlango wa basi.

Basi likasimama.

"Mungu amesalimiwa vya kutosha, mjukuu wangu. Ukipita tena, shuka tunywe chai."